Mto Unaovukwa na Kuku

Wasomaji wanaopenda habari za meli, mizigo na mihuri ya pasi watanisamehe, kwa maana nitaziruka zote. Inatosha kujua kwamba niliondoka Korogwe nikiwa na afya njema, nikafika Velmari nikiwa na afya njema zaidi, na kwamba Velmari ni nchi ya Ulaya ambayo hamtaiona kwenye ramani yoyote. Sababu nitaieleza mahali pake.

Velmari ni tambarare kama meza. Upande wake wa mashariki iko Hostri, nayo ni milima mitupu. Mtu akipanda juu ya kiti huko Velmari huona nusu ya nchi. Akipanda juu ya kiti huko Hostri huona mwamba ule ule aliokuwa akiutazama ameketi. Zaidi ya hapo, watu wa nchi hizi mbili wanafanana kwa sura, kwa lugha, kwa namna ya kuoka mikate na kwa ukaidi, na nadhani ndiyo maana hawapumziki kujilinganisha.

Mimi sikuingia huko mikono mitupu. Katika darasa la jioni, ambalo nilihudhuria baada ya kazi kwa muda wote wa ujana wangu, tulifundishwa mito na milima ya Ulaya kutoka chanzo hadi bahari, kutoka kilele hadi kilele, na hadi leo naitaja bila kusita. Mtu mwenye msingi wa namna hiyo haoni haya kuuliza maswali, kwa hiyo niliuliza mengi.

Nilipanga chumba kwa Yost Bramme, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa mpakani uitwao Tolbruga. Alikuwa mtu mnene wa makamo, mashavu mekundu, mwepesi wa kucheka. Asubuhi ya kwanza aliniletea kahawa akaniuliza, "Umeamkaje, mzee, kuliko wao?"

"Kuliko akina nani?"

"Wahostri."

"Sijui wao wameamkaje."

"Wala mimi sijui. Jibu ni 'vizuri zaidi'. Hapa hatujibu vinginevyo."

Ndipo nikaelezwa Sheria ya Jirani Kwanza. Katika Velmari hairuhusiwi kukisifu kitu wala kukilaumu bila kukilinganisha na cha Hostri, na katika Hostri hivyo hivyo. Supu ya Yost ilikuwa nzito kuliko ya Hostri. Kitanda changu kilikuwa kirefu kuliko vya Hostri. Nilipolalamika kwamba blanketi ni jembamba alikubali bila kubisha, akaongeza kwamba la Hostri linanuka mbuzi. Mke wake, Lidwina, alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na hata hilo Yost alilisema kisheria: "Hakuna mume Hostri mwenye furaha kama yangu, mzee. Na hakuna mwenye hofu kama yangu."

Lidwina hakuwepo nyumbani. Desturi yao ni mtoto wa kwanza azaliwe kwa bibi yake, na mama yake, Bi Tekla, alikuwa ameshakuja na gari la farasi kumchukua kwenda kijijini kwake, Ludenvik. Nilimwuliza Yost ni mbali kiasi gani.

"Sijui."

"Ni upande gani?"

"Hilo nalo sijui. Farasi wa mama mkwe ndiye anayejua."

Nilidhani ananitania. Siku iliyofuata nilikwenda kumwona Waziri wa Mlinganisho, Mheshimiwa Kornelis Faber, ambaye alinipokea kwa heshima inayostahili umri wangu. Ofisi yake ilikuwa imefunikwa ramani toka sakafuni hadi darini, ramani nzuri kuliko zote nilizopata kuona, kila kichaka kimechorwa. Zote zilikuwa za Hostri.

"Ya Velmari iko wapi, mheshimiwa?"

"Ya nini? Si ndiyo hii tuliyomo?"

"Ya kuonyesha njia."

Aliniinamia kama daktari anayetaka kumwambia mgonjwa jambo taratibu. "Mzee wangu, ili kujilinganisha na jirani ni lazima umjue jirani. Huko ndiko tulikoelekeza elimu yetu yote. Nchi yako mwenyewe huhitaji kusomeshwa. Anayechora ramani ya nyumba yake ana mashaka nayo."

Huo ulikuwa msingi wa elimu yao, na siwezi kusema haukufanikiwa. Niliwasikia watoto wa shule za Tolbruga wakitaja vilima vya Hostri kwa kuimba, pamoja na kasoro za kila kilima. Ng'ambo ya mpaka, watoto wa Hostri waliimba vijito vya Velmari na kasoro zake. Mvelmari yeyote aliweza kukupeleka kwenye kijiji chochote cha Hostri ukiwa umefumba macho, ila akitoka mtaa wake kwenda mtaa wa pili wa mji wake, hubeba chakula. Vibao vyote vya barabarani vinaelekeza Hostri. Barua za ndani zinapelekwa na farasi wazee, na tarishi huketi juu yao kwa ajili ya kupokea saini tu.

Nilifika katika majira ya Mjadala Mkuu, unaofanyika kila mwaka Tolbruga katika ukumbi uliojengwa juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Wavelmari huketi katika nusu yao na Wahostri katika nusu yao. Hoja ni mbili, ukubwa wa ardhi na wingi wa watu, na mjadala hufungwa jua linapozama. Nchi itakayoshindwa itaanza barua zake zote za serikali, kwa mwaka mzima, kwa maneno "Sisi tulio wadogo".

Msemaji wa Hostri alikuwa Profesa Ottokar Zelnik, mzee mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, aliyefundisha jiografia ya Velmari maisha yake yote bila kukanyaga Velmari hata mara moja. Nilimpenda mara moja. Alisimama akasema kwamba ardhi ya Hostri imeonewa na wapimaji, kwa kuwa imekunjwa.

"Pigeni pasi milima yetu," alisema, "mtaona itakavyotandaa mpaka ifunike nchi yenu na sehemu ya bahari."

"Nchi si shati, Profesa," Waziri Faber alijibu.

"Yenu kweli si shati. Ni leso."

Watu walipiga meza kwa furaha pande zote mbili, maana huko tusi zuri hushangiliwa hata na anayetukanwa. Waziri akasema Mhostri akiangusha kiazi mlangoni kwake hukiokota nchi nyingine. Profesa akajibu kwamba Velmari haina mito, ina mitaro iliyopewa vyeo, na akatoa mfano wake maarufu: Mto Wimme, ambao pale Ludenvik ni wa kina kifupi hivi kwamba kuku huuvuka bila kulowa kifua.

Nilipolisikia jina la Ludenvik nilimtafuta Yost kwa macho, lakini alikuwa amebaki nyumbani.

Hoja ya ardhi ikaisha bila mshindi, kama kila mwaka. Hoja ya watu ndiyo iliyoleta simanzi. Hesabu za nchi zote mbili zilisomwa, zikarudiwa, kisha zikabadilishanwa ili kila upande uzihesabu za mwenzake kwa chuki, na bado zilitoka sawa kabisa. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Spika akakumbusha kwamba yeyote atakayezaliwa kabla ya jua kuzama anahesabiwa, na ukumbi mzima ukageuka kuutazama mlango.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Yost.

Mkononi alishika njiwa mwenye utepe mwekundu mguuni. Nyuma yake alikuwa Mama Hulda, mkunga wa mji, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, amebeba mkoba wake. Yost hakumwamkia mtu.

"Mama mkwe alichukua njiwa wawili," alisema. "Utepe mweupe ni heri. Mwekundu maana yake mtoto amekaa vibaya, mkunga aje upesi. Farasi wangu hajawahi kufika huko. Nawaombeni, nani anajua njia ya Ludenvik?"

Nusu ya Wavelmari ilikuwa imejaa wakuu wa nchi, majaji, maaskofu, walimu. Waziri Faber alijikuna shingo.

"Ingekuwa kijiji cha Hostri," alisema, "ningekupeleka mwenyewe."

"Si cha Hostri, mheshimiwa. Ni chetu."

"Ndiyo shida yenyewe."

Jaji mmoja akashauri wamfuate njiwa. Mama Hulda akamwuliza kama yeye anaruka. Mwingine akasema Ludenvik kiko kando ya Wimme, basi wafuate mto, na hapo wakaanza kubishana mto unaelekea wapi. Mkaguzi wa shule akasema unateremka kwenda kusini. Waziri akasema kaskazini, akataka ipigwe kura.

Upande wa pili wa ukumbi nilimwona Profesa Zelnik amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Katibu wake, mtu mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameshika pindo la koti lake na kulivuta chini.

"Profesa, kaa. Mtoto akizaliwa kabla ya magharibi tumekwisha."

"Nimesikia."

"Basi kaa."

Waliokubali kaskazini wakaanza kuinua mikono. Profesa akasimama, na pindo la koti likabaki mkononi mwa katibu.

"Mabwana," alisema, "mengine naweza kuvumilia. Siwezi kukaa hapa nikiutazama mto ukirudishwa mlimani kwa kura. Wimme unakwenda magharibi. Ludenvik kiko ukingo wake wa kushoto, baada ya tuta la pili, penye kinu cha upepo kisicho na mabawa."

Yost alikuwa ameshamfikia na kumkamata mkono. "Twende, Profesa."

"Nimekwisha kueleza njia."

"Umewaeleza hawa. Mimi sikushika hata neno moja. Twende."

Na Profesa Zelnik, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauvuka mstari uliochorwa sakafuni. Mimi niliwafuata kwa sababu hakuna aliyenizuia na kwa sababu farasi wa Yost alikuwa na mazoea ya kuumwa na nzi, akahitaji mtu wa kumfukuzia.

Tulitoka mjini kwa mwendo ambao sikuutegemea kwa farasi yule. Profesa aliketi mbele karibu na Yost, amenyooka, akitaja kila kitu kabla hakijaonekana. "Sasa itakuja njia panda. Kulia kuna shamba la kabichi duni." Njia panda ikaja, na kabichi zilikuwa nono, kila moja kama kichwa cha askofu. Profesa akazitazama mpaka zikapita. "Sasa litakuja tuta la kwanza, lisilo na sifa yoyote." Tuta likaja, limeota maua ya manjano kutoka mwanzo hadi mwisho, na watoto walikuwa wakibingirika juu yake.

Kisha tukauona Wimme. Ni mto mwembamba, ndiyo. Ulipita kati ya mierebi taratibu, maji yake yakionyesha kila jiwe, na bata walikuwa wamelala juu yake kama mito ya kochi. Mdomo wa Profesa ulianza kucheza ndani ya zile ndevu.

"Miaka yote hii," alisema, "nimewaambia wanafunzi kwamba ni mtaro."

"Profesa," Mama Hulda alisema kutoka nyuma, "utalia baadaye. Kushoto au kulia?"

"Kushoto, mama. Kisha daraja."

Tukaenda kushoto. Daraja halikuwepo. Zilibaki nguzo mbili na ubao mmoja, na ng'ambo, mbele ya macho yetu kabisa, kilisimama kinu kisicho na mabawa na moshi wa nyumba za Ludenvik. Yost alisimama juu ya gari akashika kichwa. Sijawahi kumwona mtu mnene akipungua upesi namna ile.

"Kitabu kinasema kuna daraja," Profesa alisema.

"Kitabu chako kimechukuliwa na mafuriko," alijibu Mama Hulda. "Kingine kinasemaje?"

Profesa aliutazama mto, kisha akamtazama Yost, na nikaona jambo likipanda usoni mwake polepole, mpaka masikio yakawa mekundu.

"Kuku," alisema.

"Nani?"

"Yule kuku wangu. Penye kinu, chini kidogo ya lile jiwe jeupe. Nimemvusha pale kila mwaka mbele ya mataifa mawili. Bramme, ingiza farasi."

Yost akaingiza farasi. Maji hayakufika hata katikati ya magurudumu. Tukapanda ukingo wa pili, Mama Hulda akaruka chini kabla gari halijasimama, na mlango wa Bi Tekla ukamfungukia na kufungwa nyuma yake.

Wanaume tuliachwa uani. Yost alizunguka kisima. Profesa alivua viatu akaketi kwenye nyasi, miguu ndani ya Wimme. Mara tukasikia magari mengine: Waziri Faber alikuwa ameifuata michirizi ya magurudumu yetu, pamoja na Spika, katibu wa Hostri na wajumbe wote walioweza kupata farasi. Waziri alitazama jua, likiwa chini tayari, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Jitahidi, binti yangu," aliita. "Taifa lote liko nyuma yako."

Dirisha likafunguliwa, Bi Tekla akammwagia beseni la maji, likafungwa tena.

"Na wewe, Profesa," Yost aliuliza, akiwa amesimama sasa karibu naye, "unaomba nini?"

"Naomba azaliwe salama. Saa achague mwenyewe."

Alichagua saa nzuri. Jua lilikuwa bado likigusa ncha za mierebi tuliposikia kilio, kikali, cha mtu aliyeudhiwa, na baadaye kidogo Mama Hulda akatokea mlangoni akijifuta mikono.

"Msichana," alisema. "Alikuja kinyumenyume kama farasi mkaidi, lakini amefika. Mama yake mzima, anaomba supu. Bramme, pumua."

Yost akapumua, na ilikuwa pumzi ya machozi. Waziri Faber, akichuruzika maji, akapanda juu ya gari kutangaza kwamba Velmari imeshinda kwa mtu mmoja.

"Napinga," alisema katibu wa Hostri. "Mheshimiwa athibitishe kwanza kwamba kijiji hiki kiko Velmari."

"Kiko Velmari bila shaka."

"Nani anasema?"

Waziri akatazama kushoto na kulia. Ramani ya Velmari haikuwepo popote duniani isipokuwa shule za Hostri, na katika umati ule wote mtu ambaye pande zote mbili zingemwamini alikuwa mmoja, ameketi kwenye nyasi bila viatu. Spika akamgeukia.

"Profesa Zelnik. Ludenvik kiko nchi gani?"

Katibu alimwinamia mkuu wake. Hakunong'ona vizuri, sote tulimsikia. "Sema haijulikani. Neno moja tu, jua linazama."

Profesa alitoa miguu majini, akaikausha kwa leso, mguu mmoja baada ya mwingine, akavaa viatu. Bi Tekla alikuwa amemtoa mtoto mlangoni amefungwa blanketi, na mzee yule alikwenda akamtazama kwa muda mrefu.

"Ludenvik kiko Velmari," alisema. "Kila mtoto wa Hostri analijua hilo, nimewafundisha mwenyewe. Andikeni pia kwamba tuta la kwanza lina sifa, kabichi ni nzuri, na Wimme ni mto. Sikusema ni mkubwa. Nimesema ni mto."

Waziri alianza kushangilia, akaona hakuna anayemfuata, akashuka garini. Nadhani alitambua kwamba ushindi wake wote ulikuwa umesimama juu ya ulimi wa mpinzani. Alivua kofia. "Profesa," alisema, "ni mzuri kuliko...?" Akangoja.

"Sijui," alisema Profesa. "Sijawahi kuiona mito yetu."

Hilo ndilo lililozaa safari ya pili. Profesa Zelnik alizaliwa katika kijiji cha Grabnik, akatolewa huko mdogo kupelekwa shule, na tangu hapo hakuwahi kujua njia ya kurudi. Yost aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Grabnik? Nyuma ya kilima chenye nundu, kibaya kuliko vyote Hostri? Tumekiimba darasa la pili." Binti yake alipokua kidogo na kuanza kucheka naye, Yost alimpandisha Profesa kwenye gari lile lile akampeleka kwao. Niliambiwa kwamba Yost alipokiona kile kilima alishuka, akavua kofia, na ikabidi Profesa ndiye amwambie kwamba giza linaingia. Ndugu wawili wa Profesa walikuwa bado hai. Walimpokea kwa jibini inayonuka mbuzi, naye alikula yote.

Sheria ya Jirani Kwanza haikufutwa. Waliipindua kidogo: siku hizi hakuna anayesafiri ndani ya nchi yake bila kwenda na mtu wa nchi ya pili. Nyumba ya Yost imejaa Wahostri wanaongoja kukodiwa, na Hostri imejaa Wavelmari, hata ile hesabu ya watu haiwezekani tena kufanywa, kwa kuwa nusu ya kila nchi iko kwa mwenzake ikionyesha njia. Barua za Hostri zilianza kwa "Sisi tulio wadogo" mwaka ule, na za Velmari zikajibu vivyo hivyo, kwa adabu. Mtoto aliitwa Wimma. Profesa humpelekea viatu kila mwaka, vikubwa mno kila mara, akidai kwamba vya Hostri ndivyo vilivyo.

Nilirudi Korogwe. Jioni ya kwanza jirani yangu, Mzee Semboja, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya bonde, alikuja kusikiliza habari, nami nikamtajia mito ya Ulaya yote kwa mpangilio na kuongeza Wimme mwishoni. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Na hiki kijito kinachopita nyuma ya jiko lako?" aliuliza.

Nilikigeukia. Nimechota maji yake tangu nijenge pale.

"Sijui kinaitwaje," nilisema. "Kwani wewe unajua?"

"Kwemkole. Mimi nakiona chote toka kwangu, kinavyozunguka migomba yako. Ni kizuri, bwana." Akakohoa kidogo. "Sasa na wewe niambie. Wanasema kile kilima nilichojenga mgongoni mwake, ukikitazama toka huku kina umbo la ng'ombe aliyelala. Ni kweli?"

Nilimshika mkono nikamgeuza taratibu. Jua lilikuwa juu ya nundu.

"Amelala," nilimwambia, "na nyumba yako iko shingoni, kama kengele."

Tukavuta viti tukaviweka viwili, cha kwake kikielekea kilima chake, changu kikielekea Kwemkole, kisha tukabadilishana.